WODI YA PAMBA

Sehemu ya saba

"Mfungue mtoto nimwone."

Wiki nzima nimewaacha hapo, mkono wa Mheshimiwa Mektilda ukiwa kwenye ncha ya blanketi la mwanangu. Haya. Alifungua.

Kwa aliyekosa gazeti lililopita, aelewe hivi. Mimi Lukresia nilikuwa nimelazwa kwenye wodi ya wazazi ya zahanati ya kijiji chetu, Mwasengele, na sikuwa naumwa chochote. Kitanda cha pili alilala wifi yangu Violeth na tumbo lake la miezi tisa, naye haumwi. Magodoro yalitoka bweni la shule. Shuka zilikuwa mpya, mikunjo ya dukani bado inaonekana. Tulipandishwa pale saa mbili asubuhi ili Kamati ya Bunge ikifika ikute wodi ina watu.

Maana kule Dodoma Naibu Waziri alisimama akasema wodi ya wazazi ya Mwasengele inatoa huduma saa ishirini na nne. Mheshimiwa Mektilda naye akasimama, akasema atakuja kuiona kwa macho yake.

Na wodi ile tangu ijengwe ilikuwa haijamlaza mtu. Ilikuwa imelaza pamba.

Pamba iliwekwa eti kwa wiki mbili tu, misimu miwili iliyopita. Aliyeiweka ni mwenyekiti wa kijiji, na mwenyekiti wa kijiji ni baba mkwe wangu. Jina lake mmeona silitaji. Kwenye ukoo nilioolewa, mke wa mtu hatamki jina la baba mkwe wake, wala hamtazami usoni. Mkikutana njiani, wewe ndiye unayeingia majanini apite.

Asubuhi ile alisimama mlangoni, akaongea huku anaangalia ukuta.

"Mama Nyanda, mtoto wako amezaliwa jana, humu humu ndani. Ukisema vingine mbele ya wageni, unarudi kwenu Malampaka leo hii. Peke yako. Ng'ombe wetu wa mahari walishafika kwenu. Mtoto ni wetu."

Mume wangu Marcelo alikuwa Nyashimo kwenye mpunga, simu haipatikani. Ningemwambia nani?

Basi Mheshimiwa akafungua blanketi, na Nyanda akamtazama. Halafu akamcheka. Mdomo wazi, ufizi wote nje.

"Ana siku ngapi?"

"Moja," nilisema.

"Ana siku moja, na ananicheka?"

Daktari Josia, mkubwa wa madaktari wa wilaya, akajitosa haraka. "Watoto wa huku Simiyu, Mheshimiwa! Wanazaliwa wameshachangamka."

Wabunge wakacheka. Naibu Waziri akacheka kuliko wote. Mimi nilikuwa natazama vidole vya Mheshimiwa, vilivyokuwa vimeshuka mpaka kiunoni kwa mwanangu na kusimama hapo.

Vilikuwa vimekuta uzi.

Ni uzi mweusi, mwembamba. Kwetu bibi wa mtoto anaufunga siku kitovu kinapodondoka, hata saa moja kabla ya hapo haufungwi. Jana yake Daktari Josia alipanga kila kitu: kadi, tarehe, shuka, jina la nesi. Ule uzi aliuona, ila yeye si mtu wa huku, akadhani ni urembo. Mama mkwe wangu ndiye aliyejua, na alipoambiwa labda aukate aligoma. "Uzi wa mjukuu wangu haukatwi kwa ajili ya mgeni wa kunywa soda na kuondoka," alisema. Wanaume wakaona ni maneno ya kikongwe, wakampuuza.

Lakini Mheshimiwa Mektilda alizaliwa Maswa, huku huku kwetu.

Akainama kama anayembusu mtoto, akaninong'oneza sikioni, akaniita mama kwa Kisukuma. "Mayu, mimi nami nilifungwa uzi kama huu. Mtoto huyu si wa jana."

Maziwa yalikuwa yanachuruzika ndani ya blauzi, nikaacha yachuruzike.

"Ulimzalia wapi?"

"Hapa."

Ulikuwa uongo. Nyanda ana wiki saba. Nilimzaa juu ya mkokoteni wa ng'ombe, katikati ya mchanga wa mto, tukienda kutafuta msaada, kwa sababu mlango wa wodi hii ulikuwa na kufuli. Sikutaka kumdanganya yule mama. Lakini mwanangu nilimtaka zaidi.

Akanyooka, akamgeukia mzee aliyekuwa anaongoza Kamati.

"Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati, naomba nimuulize Naibu Waziri swali moja la nyongeza."

"Mheshimiwa, hapa si ukumbini."

"Jibu lilitolewa ukumbini. Mgonjwa yuko hapa. Naomba."

Naibu Waziri akafungua jalada lake, akakohoa, akasoma vilevile kama tulivyomsikia redioni. "Mheshimiwa Mwenyekiti, wodi ya wazazi ya Mwasengele ilikamilika, chumba chake cha kujifungulia kina vifaa vyote muhimu, na kinatoa huduma saa ishirini na nne."

"Chumba chenyewe ni kipi?"

Daktari Josia akaonyesha mlango wa chuma wa bluu, mwisho wa wodi.

"Kifunguliwe tukione."

"Kuna mama ndani," alidakia baba mkwe.

"Anajifungua?"

"Amepumzika."

"Amepumzika, na kufuli liko nje?"

Mbunge mmoja wa nyuma akaguna.

"Ni kwa ajili ya usalama," alisema Daktari Josia.

"Usalama wa mama huyo, au wa Naibu Waziri?"

Hapo wakaangua kicheko. Naibu Waziri naye alicheka, ila alichelewa.

Mheshimiwa akasogelea kitanda cha Violeth. Akachomoa kitu kwenye nywele zake, akakiinua juu wote wakione. Kinyuzi cheupe kilichojikunja, na katikati kidude cheusi.

"Daktari, pamba ya hospitali siku hizi inakuja na mbegu?"

Jamani! Jana yake kutwa nzima sisi wanawake tulikuwa tunaihamisha pamba kutoka wodini kuisukumia kwenye kile chumba. Magunia kwa magunia, na nyingine imelegea tu tunaibeba kwa khanga. Mlango ulifungika baada ya wanaume watatu kuuegemea kwa mabega. Tulioga, tukajisugua. Nywele za Violeth hakuna aliyezikumbuka.

"Na wewe, mayu," Mheshimiwa akamwambia Violeth. "Unaendeleaje?"

Violeth alikuwa ameshika chuma cha kitanda kwa mikono miwili, na jasho limemkaa juu ya mdomo. Nilimwona kabla ya wengine wote. Nilishamwona tangu wanacheka.

"Wifi," aliniambia taratibu. "Si mchezo tena."

Maji yakamwagika mpaka sakafuni.

Daktari Josia akamwinamia, meno yamebana. "Umezidisha, binti. Tulikubaliana ulale tu."

"Daktari, sio mimi," Violeth alilia. "Ni mtoto!"

Mimba yake ya kwanza aliizalia nyumbani. Alitokwa damu mpaka midomo ikawa rangi ya unga. Alipona hospitalini Bariadi kwa damu ya watu wengine, na mtoto hakupona. Tangu siku ile alikuwa na hofu ya tumbo lake mwenyewe. Alikubali kuja kulala wodini kwa sababu alijiambia, potelea mbali, walau nitajua kitanda cha zahanati kikoje.

Mheshimiwa Mektilda akavua saa, akavua na koti, akampa mbunge mwenzake. Kabla ya siasa alikuwa mkunga miaka ishirini. Wabunge wanawake wakazungusha khanga, wanaume wakageukia ukutani. Akapima.

"Kichwa kimeshashuka. Bariadi hatufiki. Nesi, lete glavu!"

Nesi alikuwa wa kuazima, ameletwa asubuhi ile kwenye gari la wilaya. Wa kwetu alihamishwa tangu Pasaka. Akatazama sakafu.

"Nesi, nasema na wewe."

"Vifaa viko kwenye kabati, Mheshimiwa."

"Kabati liko wapi?"

Akanyoosha kidole kwenye mlango wa bluu. "Glavu, mikasi, dawa ya kuzuia damu. Vyote viko humo."

"Fungueni!"

Hakuna aliyesogea.

"Na huyo mama aliyepumzika humo ndani, mbona makelele yote haya hajaamka?"

Baba mkwe akajikohoza. "Ufunguo anao mtunza ghala. Amekwenda mnadani Migato."

"Mtunza ghala?" Naibu Waziri aliuliza, na hiyo ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuuliza kitu asichoandikiwa. "Wodi ina mtunza ghala?"

"Wa dawa," alisema baba mkwe. "Ghala la dawa, Mheshimiwa."

Dereva mmoja akakimbilia gari kutafuta chuma cha kuvunjia. Akarudi na spana ya matairi. Akagonga, akagonga. Lile kufuli ni la ghala la pamba, lilinunuliwa kwa ajili ya wezi. Halikutikisika.

Violeth akapiga kelele.

Sasa nisikilizeni vizuri. Ufunguo haukuwa Migato. Mimi nilijua ulipo.

Asubuhi ile baba mkwe alipokuwa anaongea na ukuta, mimi nilikuwa nimeinama kama inavyotakiwa, naangalia sakafu. Jua liliingia mlangoni nyuma yake, kwa hiyo kivuli chake kilikuwa mbele ya miguu yangu. Miaka mitatu nimeolewa pale, uso wake siujui, ila kivuli chake nakijua kuliko cha mume wangu. Nikaona kivuli kinavua pama, ile kofia yake ya ukingo mpana. Kikachomeka kitu kwenye utepe wa ndani wa pama. Kikavaa.

Na tangu wageni wafike hajaivua. Mbele ya Naibu Waziri hakuivua, wala wakati wa sala ya kufungua ziara.

"Ufunguo upo hapa hapa," nilisema.

Sauti ilitoka ndogo, lakini wodi nzima iligeuka.

"Uko kwa nani?" aliuliza Mheshimiwa.

"Kwa baba."

"Baba yupi?"

Mlangoni walikuwa wamejazana wazee wa serikali ya kijiji, wanane au tisa, wote na mapama yao. Kumnyooshea kidole baba mkwe ni kosa kubwa kama kumtaja. Nikainama.

"Mama Nyanda amechoka," alisema yeye, polepole, bila kunitazama. "Amejifungua jana."

Mnaona? Alijua. Alikuwa amesimama pale na ufunguo kichwani, binti yake wa kumzaa analia, na anasubiri tu, kwa sababu alijua mdomo wangu umefungwa kwa kufuli kubwa kuliko lile la mlangoni.

"Wifi," Violeth alisema. Midomo yake imeanza kukauka. "Wifi, kama unajua, sema. Nakufa mimi."

Mheshimiwa akaja mpaka mbele yangu, akachuchumaa tukawa macho kwa macho. "Mayu, najua unachokwepa. Mimi ni wa huku. Siwezi kukulazimisha. Ila huyu akianza kutoka damu, mimi nina mikono mitupu."

Nikamtazama Nyanda. Alikuwa anachezea kidole gumba changu, hana habari. Nikafunga blanketi lake vizuri. Nikamlaza katikati ya kitanda.

Kisha nikainua kichwa. Miaka mitatu. Nikamwangalia baba mkwe wangu usoni, na cha ajabu alikuwa mzee tu, ana kovu dogo juu ya nyusi, macho ya Marcelo kabisa.

"Luhende," nilisema. "Ufunguo uko ndani ya pama ya Luhende."

Haya, na gazetini nimeshaliandika. Jina lilishatoka siku ile, halirudi.

Wazee wakashika vinywa. Nje, dirishani, nikamsikia mama mkwe wangu analia kama amepewa habari ya msiba.

Yeye hakukasirika. Hilo ndilo lililonitisha. Alivua pama taratibu, akatoa ufunguo kwenye utepe wa ndani, akampa Naibu Waziri mkononi. Mheshimiwa Mektilda alikuwa amenyoosha mkono, lakini mzee akamruka.

"Nimekusikia, Lukresia," alisema.

Tangu niingie kwenye mji ule hajawahi kuniita Lukresia. Nilikuwa mke wa Marcelo, na tangu nizae, Mama Nyanda. Lukresia ni jina nililokuja nalo kutoka kwetu. Nilielewa kwamba nimesharudishwa Malampaka.

Kufuli likafunguka. Mlango wa bluu haukusukumwa na mtu, ulisukumwa na pamba. Ilitoka kama inapumua, magunia mawili yakaanguka, nyingine ikamwagika tu, nyeupe, mpaka magotini kwa Naibu Waziri. Alibaki amesimama katikati yake, jalada mkononi.

Daktari Josia akaanza, "Mheshimiwa, hii ni hali ya muda..."

"Funga mdomo," alisema Naibu Waziri.

"Swali langu limejibiwa," Mheshimiwa Mektilda alimwambia. "Sasa weka jalada chini, ubebe gunia. Kabati liko nyuma huko."

Na alibeba! Nawaambieni niliona kwa macho yangu Naibu Waziri, suti na tai, kakumbatia gunia la pamba kama mchuuzi wa msimu. Wabunge wakapanga mstari. Gunia linapita mkono kwa mkono mpaka nje, watu wa kijiji wanapokea, wengine wanacheka, wengine wanalia.

Violeth hakusubiri kabati. Tulimwingiza hatua mbili tu ndani ya chumba, akagoma kwenda mbele. Akalala pale pale juu ya pamba, amening'ang'ania mimi, shuka ya dukani chini yake.

"Sukuma, mayu!"

Akasukuma. Mara ya tatu mtoto akatoka, wa kike, mikono ya Mheshimiwa ikiwa imefungwa mifuko ya plastiki ya mikate ya wageni badala ya glavu. Mtoto akalia. Wodi nzima ikapiga makofi, kama Bungeni.

Mimi sikupiga. Nilikuwa naangalia pamba chini ya Violeth.

Ilikuwa inabadilika rangi.

"Mheshimiwa," nilisema.

Akaona. Uso wake ukabadilika palepale. Akachukua mkono wangu wa kulia, akaukandamiza chini ya kitovu cha Violeth. "Unasikia hapa panavyolegea? Bonyeza, uzungushe kwa nguvu mpaka pakaze kama ngumi. Pakilegea, damu inakuja. Usiachie mpaka nirudi na dawa. Umenielewa? Usiachie!"

Akaingia kwenye pamba, anafukua kwa mikono yote miwili pamoja na nesi. "Kabati! Liko upande gani?"

Nikabonyeza. Nikazungusha. Pakakaza. Violeth alinitazama, midomo inaanza ile rangi ya unga.

"Usiondoke, wifi."

"Siondoki."

Ndipo nikageuza shingo kuangalia wodini, kitandani kwangu, nimwone mwanangu.

Blanketi lilikuwa sakafuni. Kitanda kilikuwa kitupu.

"Nyanda?" nilisema.

Magunia yaliyotolewa yalikuwa yameachia dirisha la chumba kile, dogo, lenye nondo. Nikaangalia nje. Watu wote walikuwa upande wa mlango, wanatazama wabunge wakibeba pamba. Upande wa barabara kulikuwa na pikipiki moja, na dereva ameshakaa. Nyuma yake anapanda mzee mwenye pama. Kifuani amefunga khanga, na nje ya khanga umechomoza mguu mdogo, unarusha teke.

"Mwanangu!" nilipiga kelele. "Mheshimiwa! Wanamchukua mwanangu!"

"Usiachie mkono!" alijibu kutoka ndani ya pamba. "Lukresia, usiachie!"

Mzee akageuka. Mara hii yeye ndiye aliyeniangalia, machoni kabisa, kupitia nondo. Akaona mahali mkono wangu ulipo. Akaujua uzito wake. Akampiga dereva begani.

Chini ya kiganja changu, tumbo la binti yake likaanza kulegea tena.

Pikipiki ikawaka.